Ampu ya tyubu ipime na dramu

Wapiga gitaa wa metal, kama unachagua kati ya ampu za tyubu (zinazokuza sauti kwa taa za utupu) Peavey 5150 na Mesa Dual Rectifier usizipime chumbani kwa sauti ndogo, hapo zote zinakudanganya tu. Zichomeke kwa zamu kwenye kabineti ileile ya spika, mwambie mtu wa dramu apige kwelikweli, halafu shusha geini (kitufe cha kukwaruza sauti) mpaka usikie kila noti na upandishe sauti za kati, maana ile sauti nzito ya chini inayokunogea ukiwa peke yako, ukifika jukwaani inamezwa yote na gitaa la besi. Wati 100 nazo zisikutie tamaa, dhidi ya 50 tofauti ni desibeli 3 tu, mgongo ndo utaijua vizuri ukiibeba 😅 Na kabla hujawasha cheki waya wa spika umechomekwa na omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) za ampu na kabineti zinalingana, utaunguza transfoma bure.