Kutolewa kitanzi ukiwa likizo Mtwara au Lindi

Kama unaishi nje ya nchi na umepanga kutolewa kitanzi, yaani kifaa cha kuzuia mimba kinachokaa ndani ya mfuko wa uzazi, ukirudi nyumbani, nenda kliniki wiki ya kwanza ya likizo. Nyuzi zake zikionekana kwenye mlango wa kizazi, ni kazi ya dakika chache na unarudi kwa bajaji kama ulivyokuja. Zisipoonekana, utahitaji kipimo cha mimba, utrasaundi, pengine eksirei, na huenda ukapangiwa siku nyingine daktari bingwa akiwepo. Aliyebakiza siku tatu kabla ya ndege hana muda wa yote hayo. Kuna na barabara pia: Mei 2024 njia ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika Somanga kwa mvua za kimbunga Hidaya. Wakati wa masika, ongeza siku.

Kabla ya kusafiri, tafuta kadi uliyopewa siku ya kuwekewa. Umeipoteza? Iombe kliniki ya huko ulikowekewa ikuandikie jina la kitanzi, tarehe kilipowekwa, na kama kina nyuzi. Hilo la mwisho lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Vingi vinavyowekwa Ulaya na Marekani vina nyuzi mbili zinazoning'inia kwenye mlango wa kizazi, lakini China baadhi ya vitanzi huwekwa bila uzi wowote, na vile vya zamani vilikuwa pete ya chuma. Mkunga asipoambiwa, atatafuta uzi ambao haujawahi kuwepo. Piga picha kadi hiyo uiweke kwenye simu.

Jina linasaidia pia kujua muda. Kitanzi cha shaba aina ya T 380A kimeidhinishwa miaka 10, na utafiti umeonyesha kinazuia mimba hadi 12. Mirena, chenye miligramu 52 za homoni, siku hizi kinahesabiwa miaka 8 kwa kuzuia mimba. Kyleena, cha homoni pia, miaka 5. Jaydess, nacho cha homoni, miaka 3. Muda ukipita, kitanzi hakigeuki sumu mwilini. Tatizo ni kwamba kinga ya mimba inapungua, basi usikimbie kwa hofu, ila usikiache miaka nenda miaka rudi.

Mahali pa kuanzia ni kliniki ya afya ya uzazi na mtoto katika kituo cha afya au hospitali ya serikali. Mtwara mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Ligula, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyopo Mitengo. Lindi kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Sokoine. Huduma ya uzazi wa mpango kwenye vituo vya serikali ni bure, lakini utrasaundi na eksirei vina malipo, hivyo uwe na fedha mkononi kama huna bima ya hapa. Ukipanga foleni, sema wazi kuwa unataka kutolewa na si kuangaliwa tu.

Muuguzi anaweza kukuuliza sababu, na ni wajibu wake, kwa kuwa tatizo lako huenda lina tiba nyingine. Ila uamuzi ni wako. Huhitaji saini ya mume, wala huhitaji kusubiri muda wa kitanzi uishe. Ukiona unazungushwa, omba kwa heshima kuonana na mganga mfawidhi.

Kitanzi hutolewa siku yoyote ya mzunguko. Kama hutaki mimba, tumia kondomu au jizuie siku 7 kabla, kwa sababu mbegu za mwanaume huweza kuishi siku 5 ndani ya mwili, na kitanzi kikitoka leo kinga inaondoka nacho. Anayetafuta mtoto anaweza kuanza mara moja. Ukiweza, meza ibuprofeni miligramu 400 nusu saa hadi saa moja kabla, ukiwa umekula. Mwenye vidonda vya tumbo au pumu inayochochewa na dawa hizo atumie parasetamoli.

Mezani, mkunga anaingiza spekulamu, kifaa cha kufungua uke, anasafisha mlango wa kizazi, anazishika nyuzi kwa koleo karibu na mlango, kisha anavuta polepole kwa nguvu ileile bila kukurupua. Mikono ya T inajikunja kwenda juu na kitanzi kinateleza nje. Utahisi mkazo kama wa hedhi. Omba ukione: shina moja, mikono miwili, shaba kamili kama ni cha shaba. Kipande kikibaki, kijulikane hapohapo.

Ugumu unaanza nyuzi zinapokosekana. Mara nyingi zimejikunja ndani ya njia ya mlango wa kizazi, na brashi ndogo au koleo jembamba huzishusha. Lakini kwanza upimwe mimba. Hatua hii isirukwe, kwa kuwa mfuko unaokua huvuta nyuzi juu, na kuchokoa mfuko wenye mimba ni hatari. Majibu yakiwa hapana na nyuzi hazijapatikana, utrasaundi ifuate. Kitanzi kikiwa ndani ya mfuko, daktari mzoefu anaweza kukitoa kwa kulabu au koleo refu, akikuchoma ganzi pembeni mwa mlango wa kizazi. Kisipotoka, hutolewa kwa kamera nyembamba inayopitishwa ukeni, na kwa hilo unaweza kupewa rufaa hadi Dar es Salaam, kilomita zipatazo 560 kutoka Mtwara.

Utrasaundi isipokiona, piga eksirei ya tumbo lote, kuanzia nyonga hadi chini ya mbavu. Wengine hupigwa nyonga tu, na kitanzi kilichopanda juu hakionekani. Eksirei isipoonyesha kitu, kilidondoka zamani bila wewe kujua, pengine kwenye hedhi nzito. Kikionekana nje ya mfuko, kimetoboa ukuta. Hutokea kwa mwanamke mmoja au wawili katika kila 1,000 wanaowekewa, na hutolewa kwa upasuaji, mara nyingi wa matundu madogo. Shangazi atakuambia kitanzi hupanda hadi moyoni. Hakuna njia ya kufika huko kutoka kwenye mfuko wa uzazi.

Nyuzi zinaonekana lakini kitanzi kinagoma? Mtoa huduma aache kuvuta. Huenda mkono mmoja umezama kwenye nyama ya mfuko, na nguvu itakata uzi tu. Mwambie "naomba tusimame kwanza, tupige utrasaundi." Na usithubutu kujivuta mwenyewe nyumbani, hata kama nyuzi unazigusa kwa kidole.

Kipimo cha mimba kikisema ndiyo, nenda hospitali siku hiyohiyo. Wathibitishe kwanza kuwa mimba haijatunga nje ya mfuko. Ikiwa ndani na nyuzi zinaonekana, kitanzi kutolewa mapema hupunguza hatari ya mimba kuharibika na ya maambukizi.

Baada ya kutolewa, matone ya damu na maumivu kidogo kwa siku chache ni kawaida. Rudi haraka ukipata homa ya nyuzi joto 38 au zaidi, uchafu wenye harufu mbaya, maumivu makali chini ya kitovu, au damu inayolowesha pedi mbili kwa saa, saa mbili mfululizo. Kabla ya kuondoka, omba karatasi yenye mhuri inayosema kitanzi kimetoka kizima na tarehe yake. Daktari wako wa Muscat au London ataihitaji kwenye faili, asije akakitafuta tena.