Mfundishe Mtoto Kumpigia Paka Hodi

Nafundisha chekechea hapa Ujiji. Jiko la uji liko ubavuni mwa darasa, panya hawakosi, kwa hiyo na paka naye hakosi. Watoto wangu wana miaka mitatu hadi sita, na karibu kila mwaka napokea anayevuta mkia, anayembeba paka kwa shingo kama mfuko wa rambo, na kuna mmoja aliyewahi kumtumbukiza mtoto wa paka kwenye beseni la maji ya sabuni. "Namwogesha, ananuka." Sijamwona mkatili kati yao. Wengi hawajui tu mkono wao una uzito gani, ndiyo maana naanza na mkono, maneno baadaye.

Hatua ya 1: Anza na wewe

Ukimfukuza paka jikoni kwa teke, mtoto ameshapata somo, na mahubiri yako ya jioni hayatalifuta. Fungua mlango, piga makofi, atatoka.

Hatua ya 2: Mguso, paka akiwa mbali

Mketishe mtoto mkekani. Mpapase mkono kuanzia kiwiko hadi kiganja, vidole viwili, taratibu. Kisha na yeye akupapase. Atakubonyeza, wengi hubonyeza. Sema "auu" bila hasira, mrudie upya. Halafu mpe nyanya iliyoiva mno, zile za fungu la mwisho sokoni, aipapase bila kuiachia alama ya kidole. Zoezi hili mimi hulirudia kwa siku tatu hivi. Wazazi huniona napoteza muda, mpaka wanapoona mtoto anavyomshika mdogo wake mchanga.

Siku ya paka mwenyewe ikifika, kaa karibu. Apapase kutoka kichwani kwenda mgongoni, kufuata manyoya yanavyolala. Tumbo, mkia na sharubu aviache.

Hatua ya 3: Hodi

Hii ndiyo hatua yenyewe. Mtoto wa kwetu anajua huingii nyumba ya mtu bila hodi, na ukipiga mara tatu kimya, unageuza. Basi paka naye anapigiwa hodi. Mtoto achuchumae, asisimame juu yake kama mnazi. Anyooshe mkono, vidole vimefumbwa, asubiri. Paka akija kunusa na kusugua shavu, hiyo ni karibu. Akigeuza uso au akiondoka, hakuna mtu nyumbani. Kumfuata uvunguni ni kuvunja mlango.

Mfundishe pia kusoma mwili. Masikio yakilala nyuma, manyoya yakisimama, au akitoa ule mlio wa "hhhh", mikono inarudi mapajani. Mkia unawachanganya sana, kwa sababu wamezoea mbwa. Paka anayepigapiga mkia chini amekereka, hachezi. Na hata mbwa, mkia kutikisika peke yake hakutoshi. Akiwa amekakamaa mwili na amekukazia macho, usimsogelee.

Anayekula, aliyelala na anayenyonyesha hapigiwi hodi kabisa. Na mtoto aliye chini ya miaka mitano usimwache peke yake na mbwa, hata yule mliyemlea tangu kinda.

Hatua ya 4: Kazi moja, ya kila siku

Mpe maji tu. Kibakuli kizito kisichopinduka, asubuhi na jioni: amwage ya zamani, aoshe, ajaze. Mtoto wa miaka minne anaiweza. Akisahau, mkumbushe au jaza mwenyewe. Paka asikae na kiu ili mtoto apate adabu.

Hatua ya 5: Chakula

Kigoma hatuna shida ya dagaa. Waoshe mchanga, wachemshe bila chumvi, wapoe ndipo mtoto aweke. Watu wengi humwagia paka mabaki ya mchuzi na ugali, lakini vitunguu ni sumu kwa paka na mbwa pia, kwa hiyo toa chakula chake kabla hujaunga. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wazima wengi, maji yanatosha. Mtoto akimaliza, anawe mikono kwa sabuni.

Hatua ya 6: Akikosea

Siku ile ya beseni nilimfokea yule binti mbele ya wenzake. Hakuacha. Alihamia nyuma ya choo, nisikomwona. Niligundua baada ya wiki, paka alipoanza kukimbia kila akisikia sauti yake. Sasa nafanya hivi: kwanza namtoa paka mikononi, kwa utulivu. Kisha nauliza, "Masikio yake yalikuwaje?" Mwisho nampa mtoto cha kurekebisha, kama vile kushika kipande cha kanga tumkaushe pamoja. Wanaotoka madrasa wanakijua kisa cha kwenye hadithi za Mtume, cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula, na wenyewe huwasimulia wenzao kwa kutisha kuliko mimi. Nawaacha.

Hatua ya 7: Kucha na meno

Hapa hakuna mzaha, kwa sababu ya kichaa cha mbwa, na paka naye huambukiza. Jeraha, hata mchubuko mdogo, lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Usipake majivu wala tumbaku. Dalili zikishaanza, kupona ni kama hakuna. Mbwa na paka wa nyumbani wachanjwe kuanzia miezi mitatu, warudiwe kila mwaka. Muulize afisa mifugo wa kata yako.

Lakini haya yote yanategemea mtoto aje kusema. Aliyezoea kuchapwa hukificha kidonda chini ya sweta. Yule binti wa beseni alikwaruzwa muhula uliofuata, akanijia mbio, mkono juu, machozi yanamlengalenga: "Mwalimu, nilipiga hodi mara moja tu!"

Tukaenda bombani, halafu nikampigia mama yake simu.