Namna ya Kutembelea Skopelos, Kisiwa cha Misonobari cha Ugiriki: Mwongozo kwa Msafiri wa Zanzibar

Mtu wa Unguja au Pemba hana haja ya kusafiri mpaka Ulaya kutafuta mchanga mweupe, kwani fukwe zetu hazina upungufu. Anayekwenda Skopelos aende kwa ajili ya msitu wake, na safari yote aipange kuufuata msitu huo: majira ya kwenda, mahali pa kulala, hata saa ya kutoka nyumbani asubuhi. Kisiwa hiki kiko kaskazini mwa Bahari ya Aegean, katika kundi la visiwa vya Sporades. Ukubwa wake ni takriban sehemu moja ya kumi ya Pemba, na wakaazi wake wa kudumu hawafiki 5,000, lakini sehemu kubwa ya ardhi yake imefunikwa na misonobari inayoteremka kutoka milimani mpaka kwenye kokoto za ufukweni.

Miezi ninayoipendekeza ni Mei, Juni na Septemba. Mvua za huko hunyesha zaidi wakati wa baridi, na kuanzia Juni hadi Agosti ardhi hukauka kabisa. Julai na Agosti joto huwa kali, nyumba za wageni hujaa, na upepo wa kaskazini uitwao meltemi huvuma kwa nguvu kiasi cha kuzuia meli kuondoka bandarini. Anayekwenda katika miezi ya baridi atakuta meli chache na maduka mengi yamefungwa.

Viza inayohitajika ni ya Schengen, ambayo humruhusu mgeni kukaa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na hayapaswi kuchelewa kupita siku 15 kabla ya kuondoka, ila nashauri uanze mapema zaidi. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na iendelee kutumika angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kutoka Ulaya. Bima ya matibabu ya safari isipungue euro 30,000. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, wala hairudishwi maombi yakikataliwa. Kwa hivyo usilipe hoteli wala tiketi zisizorejesheka kabla ya kupata jibu.

Skopelos haina uwanja wa ndege. Kutoka Zanzibar utaruka hadi Athens kwa kuunganisha ndege Addis Ababa, Doha au Istanbul, kisha utachagua moja ya njia mbili. Ya kwanza ni basi hadi mji wa Volos, safari ya saa nne hadi tano, na kutoka hapo meli. Ya pili ni ndege ya ndani hadi kisiwa jirani cha Skiathos, halafu meli ya muda mfupi. Ratiba huandikwa kwa mtindo wa saa 24, kwa hivyo 07:00 ni saa moja asubuhi yetu. Tena, katika majira ya kiangazi saa za Ugiriki ni sawasawa na za Afrika Mashariki. Angalia vizuri jina la bandari kwenye tiketi, kwa sababu meli hutia nanga mahali pawili: Loutraki, chini ya kijiji cha Glossa upande wa magharibi, na mjini Skopelos upande wa mashariki. Bandari ya mjini imeelekea kaskazini, na upepo ukichafua bahari meli huweza kupelekwa Agnontas, ghuba iliyojificha kusini. Abiria waliozoea mkondo wa Nungwi wakati wa kusi hawatashangazwa na mawimbi, ila wasisahau kuuliza mapema meli itashusha wapi.

Sasa msitu wenyewe. Msonobari wa Aleppo, ukiutazama kwa mbali, utakukumbusha mvinje wa pwani zetu, lakini ukikaribia utasikia harufu ya utomvu ambayo mvinje hauna. Aliyezoea Ngezi, pale Pemba, pamoja na unyevu wake na vivuli vizito, atakuta hapa msitu mkavu, wenye mwanga mwingi na kelele za nyenje mchana kutwa. Basi la kisiwa huenda kutoka mjini hadi Glossa kupitia Stafylos, Agnontas, Panormos na Milia, na msafiri anaweza kushuka popote pale na kuingia msituni kwa miguu. Mimi ningeanza na mlima Palouki, mashariki ya mji, ambako njia za zamani huunganisha nyumba za watawa kama Evangelistria na Prodromos. Wageni hukaribishwa humo wakiwa wamejisitiri, sharti ambalo kwa watu wetu ni jepesi, lakini milango hufungwa mchana. Mlima Delfi, ulio mrefu kuliko yote kisiwani, unafaa siku ya pili. Huko kuna makaburi ya kale yaliyochongwa mwambani, yaitwayo Sendoukia. Toka alfajiri, vaa viatu vinavyoshika ardhi kwa kuwa majani makavu ya msonobari huteleza, na chukua maji yasiyopungua lita mbili kwa kila mtu.

Jambo la moto naliweka mbele ya mengine yote. Utomvu huwaka upesi mno, na msimu rasmi wa moto nchini Ugiriki ni kuanzia tarehe 1 Mei hadi 31 Oktoba. Usiwashe jiko wala sigara msituni. Kila siku serikali hutoa ramani ya hatari yenye daraja tano, na siku za daraja la nne na la tano kuingia misituni huweza kupigwa marufuku. Ukiambiwa usiingie, usiingie, hata kama ndiyo siku yako ya mwisho. Namba ya dharura ni 112 na ya zimamoto ni 199.

Kisiwani hakuna msikiti, na kibla kiko upande wa kusini-mashariki, si kaskazini kama kwetu. Mwezi wa Juni Maghribi huingia karibu saa tatu usiku, Isha hukaribia saa tano, na Alfajiri huingia kiasi cha saa kumi, kwa hivyo mwenye kufunga sunna ajiandae kwa takriban saa 17. Chakula cha salama ni samaki, maharage, mboga za majani na mkate wa jibini wa kukaangwa, ambao ni fahari ya kisiwa. Nyama ya nguruwe huitwa hirino na mvinyo krasi. Uliza kabla ya kuagiza, kwa kuwa mvinyo hutiwa hata kwenye mchuzi. Onja pia asali ya msonobari, ambayo nyuki huitengeneza kutokana na majimaji matamu ya wadudu wanaoishi kwenye miti hiyo, badala ya maua.

Wakati wa kurudi, ondoka kisiwani angalau siku moja kabla ya ndege yako ya Athens, kwa sababu upepo ukizidi mamlaka ya bandari husimamisha meli zote na tiketi ya ndege haitakusubiri.