Kusaga hidridi ya magnesiamu kwa kinu cha gololi, na kuikinga na sulfuri

Hidridi ya magnesiamu, MgH2, ni muungano wa magnesiamu na hidrojeni unaotumika kuhifadhi gesi hiyo, nayo hubeba hidrojeni inayofikia asilimia 7.6 ya uzito wake. Ikiwa na chembe kubwa haina faida, kwa sababu huachia gesi hiyo polepole hata ikipashwa moto nyuzi 350 za Selsiasi. Kusaga kwa kinu cha gololi, yaani mtungi unaozungushwa ili gololi zilizomo zigonge unga, huondoa ukawiaji huo: chembe hupasuka, fuwele hupungua hadi makumi ya nanomita, na kichocheo huenea kila mahali. Lakini kinu hakigusi kifungo chenyewe kati ya magnesiamu na hidrojeni. Usage saa moja au saa mia, shinikizo la hidrojeni inayotoka kwenye hidridi hiyo hufikia bar 1 kwenye nyuzi 280 hivi, bar 1.8 kwenye nyuzi 300, na bar 6 na ushei kwenye nyuzi 350. Anayetaka tangi litakaloachia gesi kwenye nyuzi 100 achague metali nyingine tangu mwanzo. Kusaga hununua kasi tu.

Mapishi yetu ni ya gramu 10: gramu 9.5 za MgH2 na gramu 0.5 za oksidi ya niobiamu, Nb2O5, ambayo ndiyo kichocheo. Hiyo ni karibu moli 0.5 ya oksidi katika kila moli 100. Mwaka 2003 watafiti wa Geesthacht, Ujerumani, walionyesha kwamba kiasi hicho kidogo kinatosha kuifanya magnesiamu ivute na kuachia hidrojeni kwa dakika chache kwenye nyuzi 300. Ukiongeza oksidi zaidi unabeba uzito usiohifadhi chochote.

Nunua hidridi iliyo tayari badala ya unga wa magnesiamu. Hidridi ni kavu na huvunjika upesi; magnesiamu tupu ni laini, hivyo hugandamana na kujipaka kwenye gololi na kuta za mtungi. Kama huna budi kuanza na metali, ongeza grafiti asilimia 1 hadi 5 ili isinate, kisha uiunganishe na hidrojeni kwenye nyuzi 350 hadi 400 kwa shinikizo la makumi ya bar. Kazi hiyo ni ndefu. Soma pia cheti cha muuzaji: hidridi ya dukani mara nyingi huwa na magnesiamu kidogo ambayo haikuungana, na lazima uitoe kwenye hesabu ya uwezo.

Kinu kinachofaa ni kile ambacho mtungi unajizungusha wenyewe huku sahani inayoubeba ikizunguka upande wa pili. Chukua mtungi wa chuma kigumu wa mililita 125 na gololi 50 za chuma hicho hicho, zenye kipenyo cha milimita 10. Kila gololi ina gramu 4 hivi, kwa hiyo jumla ni gramu 200 na uwiano wa gololi kwa unga ni 20 kwa 1. Gololi zijaze kama theluthi ya mtungi, na sehemu kubwa ibaki tupu. Mtungi uliojaa sana hauna nafasi ya gololi kuruka na kugonga. Zinasuguana tu, joto linapanda, na unga haupasuki. Zipime gololi zote kwa mizani na uandike uzito wake kabla ya kuanza.

Kila kitu kifungwe ndani ya kisanduku cha glavu, yaani kisanduku kisichopitisha hewa ambacho mikono huingia kwa glavu, chenye argoni, gesi isiyoungana na magnesiamu, oksijeni na unyevu vikiwa chini ya sehemu 1 kwa milioni. Naitrojeni ni rahisi zaidi kupatikana, lakini magnesiamu ikipata joto huungana nayo. Mtungi, gololi na mpira wa kuzibia vikaushwe kwenye tanuri ya ombwe usiku kucha, kwa joto ambalo mpira unalimudu, kabla ya kuingizwa kwenye kisanduku. Maji yaliyoshika kwenye chuma yanatosha kuharibu gramu 10. Ukague mpira huo chini ya taa kila mara. Ufa usioonekana kwa haraka ndio chanzo cha kawaida cha unga mbovu.

Weka kasi ya mizunguko 350 hadi 400 kwa dakika. Saga dakika 15, pumzisha dakika 15, mpaka muda wa kusaga wenyewe, bila mapumziko, ufike saa 20. Usiyaruke mapumziko. Mtungi ukipata moto, hidridi huanza kuachia gesi humo humo, shinikizo hupanda, na mpira hulegea. Kila baada ya saa 5 rudisha mtungi kwenye kisanduku, ufungue, ukwangue unga ulioganda chini na pembeni, uchanganye, ufunge tena. Asiyekwangua huishia na unga wa aina mbili: uliosagika sana, na uliolala chini bila kuguswa.

Saa 20 zikiisha, acha mtungi upoe saa nzima. Ufungulie ndani ya kisanduku tu, ukilegeza kifuniko polepole, kwa kuwa huenda kuna hidrojeni imekusanyika. Unga huu mwembamba unaweza kuwaka wenyewe ukikutana na hewa. Ukiwaka usimwagie maji, maana maji yakikutana na hidridi hutoa hidrojeni zaidi. Wala usipulizie kizimamoto cha kaboni dioksidi, kwa sababu magnesiamu huendelea kuungua ndani ya gesi hiyo. Weka karibu ndoo ya mchanga mkavu kabisa, au kizimamoto maalumu cha metali. Mchanga wa nje uliopigwa na umande haufai.

Sasa pima gololi tena. Zikipungua gramu 0.2, ujue chuma hicho kimeingia kwenye unga na ni asilimia 2 ya mzigo wako. Chuma kidogo hakiui mmenyuko, ila ni uzito usiobeba hidrojeni.

Kwa kipimo cha eksirei cha mirija ya shaba, kinachotambua fuwele kwa pembe za miale, vilele vikubwa vya MgH2 huwa karibu na pembe za nyuzi 27.9 na 35.7, na baada ya kusaga vinatakiwa kuwa vipana na vifupi. Vilele vidogo karibu na 25.6 na 31.5 visikutishe: ni umbo la pili la hidridi hiyo hiyo, linalozaliwa na mapigo ya gololi. Kilele cha kuogopa ni kile cha 42.9, cha oksidi ya magnesiamu. Kikionekana kirefu, hewa imeingia, na hakuna usagaji utakaorudisha ulichopoteza.

Kipimo cha mwisho ni cha gesi. Weka gramu 1 kwenye chombo cha chuma cha pua, vuta ombwe, pasha hadi nyuzi 300 na upime hidrojeni inayotoka. Tarajia asilimia 6 hadi 7. Kisha rudisha hidrojeni kwa bar 10 kwenye joto hilo hilo. Ikiwa uwezo ni mzuri lakini kasi ni ndogo, kichocheo hakijaenea: rudi kwenye kinu. Ikiwa kasi ni nzuri na uwezo ni mdogo, shuku oksidi. Katika tangi kubwa kuna sababu ya tatu inayosahaulika, nayo ni joto. Kuachia kilo 1 ya hidrojeni hudai karibu megajuli 37, kama asilimia 30 ya nishati iliyomo kwenye gesi hiyo, na unga hupitisha joto vibaya. Lipange suala hilo kabla ya kununua tangi.

Angalia pia hidrojeni utakayojaza. Ile ya elektrolisisi, yaani ya kupasua maji kwa umeme, haina sulfuri. Ile iliyotengenezwa kutokana na biogesi inaweza kuwa nayo, na hidrojeni sulfidi, H2S, huharibu uso wa magnesiamu mahali pale pale ambapo gesi hupitia. Iondoe kwenye biogesi, mapema kabisa, kwa chujio la kutu ya chuma, ambayo hushika H2S. Hapa kinu cha gololi kinafaa tena, cha kawaida cha pipa, kwa maji, bila argoni. Saga kutu ya chuma iliyooshwa mafuta kwa sabuni. Kutu ni bora kuliko rangi nyekundu ya sakafu, ambayo imechomwa na imepoteza wepesi wake wa kuungana. Changanya na udongo wa mfinyanzi asilimia 10, sukuma kwenye tundu za milimita 3 hadi 5 upate vidonge, na uvikaushe chini ya nyuzi 100. Usitumie unga mtupu, utaziba bomba.

Kilo 1 ya Fe2O3 safi, oksidi ya chuma iliyomo kwenye kutu, kwa nadharia hushika gramu 640 za H2S. Panga kwa nusu yake. Biogesi yenye H2S sehemu 1,000 kwa milioni ina gramu 1.4 hivi za H2S katika kila mita ya ujazo, kwa hiyo kilo moja hutosha takribani mita za ujazo 220. Gesi ikae ndani ya chujio angalau dakika moja. Kwa mtiririko wa mita 1 ya ujazo kwa saa, hiyo ni lita 17 za vidonge. Vidonge vibaki na unyevu, vikikauka kazi inasimama. Kwa sababu hiyo kikaushio hufuata baada ya chujio, kamwe si kabla, na hidrojeni inayotokana na biogesi hiyo isifike kwenye magnesiamu kabla ya kukaushwa kabisa na kuondolewa kaboni monoksidi na dioksidi.

Usitegemee pua yako kujua kama chujio kimechoka. H2S ikizidi kiasi cha sehemu 100 kwa milioni huua uwezo wa kunusa, na inapokaribia 1,000 humwangusha mtu papo hapo. Tumia kipimo cha gesi. Ukitoa vidonge vilivyochoka viloweshe kwanza, uvitandaze nje kwa tabaka jembamba la sentimita chache, mbali na majani makavu, na uvigeuze ukivinyunyizia maji: sulfidi ya chuma ikikutana na hewa hurudi kuwa oksidi kwa kutoa joto, na ikirundikwa kavu huwaka.