Umenunua kruza? Ekzosi isubiri

Ukishaleta kruza, ile pikipiki ya kukaa miguu ikiwa mbele, nyumbani, mkono huwasha kugusa ekzosi kwanza. Iache. Ekzosi iliyo wazi zaidi, hasa ukiibadilisha pamoja na kichujio cha hewa, huvuruga uwiano wa hewa na petroli, na utalazimika kurekebisha kabureta au kupanga upya kompyuta ya injini. Mlio mtamu, gharama mbili.

Anza na matairi, hasa kama pikipiki ni ya mkononi. Ubavuni, mwisho wa namba zinazoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2318 maana yake tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Meno yanaweza kuwa bado marefu ilhali mpira umeshakauka. Pedi za breki zikaguliwe siku hiyohiyo.

Kisha siti na shokapu. Kwenye kruza miguu iko mbele, kwa hiyo ukipita tuta huwezi kunyanyuka. Kishindo chote kinaishia kiunoni. Kabla ya kununua shokapu mpya, jaribu kukaza springi za zilizopo kulingana na uzito wako. Hilo ni bure.

Ukiweka usukani mrefu zaidi, washa injini ikiwa nyutro, uuzungushe hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Mlio ukipanda wenyewe, waya wa mafuta umevutwa. Angalia na mpira wa breki. Ukikazika, usiondoke hapo mpaka upate mrefu.

Taa za urembo na mikoba ya ngozi? Wakati wowote.