Jinsi ya Kufuatilia Michango ya Seneta wa Ireland Bungeni

Kumbukumbu za majadiliano ya Bunge la Ireland, ambalo kwa Kiairishi huitwa Oireachtas, ziko wazi kwa kila mtu kwenye tovuti ya Bunge hilo, na zile za Seneti zinaanzia Desemba 1922. Mwanafunzi wa sayansi ya siasa aliyeko Dodoma, mwandishi wa habari wa Nairobi au mhamiaji kutoka Afrika Mashariki anayeishi Dublin anaweza kusoma bila malipo yale aliyoyasema seneta fulani kuhusu makazi, afya, elimu au haki za wahamiaji. Kuzipata ni rahisi. Kazi hasa ni kuzisoma kwa namna itakayokuwezesha kutambua ni maneno yapi yalisemwa yakaishia ukumbini, na yapi yaliacha alama katika sheria.

Kabla ya kufungua mjadala wowote, fahamu kwanza seneta huyo alikipataje kiti chake. Seanad Éireann, yaani Seneti, ina wajumbe 60. Kati yao, 43 huchaguliwa kupitia majopo matano ya fani, ambayo ni utawala, kilimo, utamaduni na elimu, viwanda na biashara, na kazi. Wapiga kura wao ni madiwani wa serikali za mitaa, wabunge wa Dáil, yaani baraza la pili la Bunge ambalo wajumbe wake huchaguliwa moja kwa moja na wananchi, na maseneta wanaomaliza muda wao. Wengine 6 huchaguliwa na wahitimu wa vyuo vikuu, na 11 huteuliwa na Taoiseach, ambaye ndiye waziri mkuu. Msomaji wa Kenya, aliyezoea seneta kuwa msemaji wa kaunti yake, anapaswa kuuweka kando mtazamo huo. Seneta wa jopo anajua kwamba kura zake zinatoka kwa madiwani, kwa hiyo usishangae akizungumzia sana barabara, maji na mamlaka ya halmashauri. Seneta wa vyuo vikuu mara nyingi hana chama, na hivyo ana nafasi pana zaidi ya kuipinga serikali. Wateule wa Taoiseach kwa kawaida huisaidia serikali kupata wingi wa kura, ingawa baadhi yao wameteuliwa ili sauti zilizokosekana zisikike. Eileen Flynn, aliyeteuliwa 2020, alikuwa mwanamke wa kwanza wa jamii ya Travellers, watu wa Ireland wenye asili ya kuhamahama, kuingia katika Bunge hilo.

Baada ya hapo, fungua ukurasa wa seneta mwenyewe badala ya kuandika jina lake katika sehemu ya jumla ya kutafutia, kwa sababu utafutaji wa jumla unaweza kukuletea hata hotuba za wengine waliomtaja tu. Chagua muhula unaoutaka, kisha punguza matokeo kwa tarehe na kwa neno la mada. Majadiliano ya kamati huhifadhiwa peke yake, na huko ndiko baadhi ya maseneta hufanya kazi yao nzuri kuliko zote, wakihoji mashahidi na wataalamu; yasome pia. Usimlaumu seneta kwa kutoonekana katika maswali ya maandishi kwa mawaziri, kwa kuwa haki hiyo ni ya wabunge wa Dáil pekee.

Njia anayoitumia seneta kumbana waziri iko mwanzoni mwa kikao, chini ya kichwa cha habari Commencement Matters. Hapo seneta huwasilisha jambo moja mahususi, kwa mfano shule iliyokosa jengo au zahanati iliyofungwa, waziri au naibu wake hujibu, na seneta hupewa nafasi fupi ya kurudi tena. Soma jibu kwa makini kuliko swali. Jibu la kwanza mara nyingi huwa limeandaliwa na wizara na kusomwa kama lilivyo. Uzito wa mchango wa seneta unapimwa katika ile nafasi ya pili, pale anapouliza tarehe, kiasi cha fedha au jina la ofisi inayohusika, na waziri akalazimika kuahidi au kukwepa.

Sehemu iitwayo An tOrd Gnó, yaani mpangilio wa shughuli za siku, huwapa maseneta nafasi ya kusema kwa dakika chache juu ya jambo lolote, na kiongozi wa shughuli za serikali katika Seneti huwajibu kwa pamoja mwishoni. Humo utakutana na pongezi, rambirambi na malalamiko ya kila aina. Ni mahali pazuri pa kujua nini kinamkera seneta wiki hadi wiki, lakini usimpime kwa hapo peke yake.

Miswada ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Fungua ukurasa wa muswada wenyewe, uangalie orodha ya hatua zake pamoja na tarehe, halafu ufuate seneta wako hatua kwa hatua. Hatua ya kwanza ni ya kuwasilisha tu. Katika ya pili hujadiliwa misingi ya muswada, na hotuba huwa ndefu na zenye kuvutia. Wasomaji wengi huishia hapo, na ni hasara kubwa kwao. Hatua ya tatu ndiyo ya kamati, ambapo muswada hupitiwa kifungu kwa kifungu, na seneta anaweza kusimama zaidi ya mara moja kutetea marekebisho yake. Huko utaona waziri akisema kwamba ameielewa hoja na ataitafakari kabla ya hatua inayofuata, kisha seneta akiyaondoa marekebisho yake kwa ridhaa ya Seneti huku akijiwekea haki ya kuyaleta tena. Weka alama hapo. Nenda moja kwa moja kwenye hatua ya nne, ambayo mwenyekiti, aitwaye Cathaoirleach, huifungua kwa kuwakumbusha wajumbe kwamba kila mmoja atazungumza mara moja tu, isipokuwa mwenye marekebisho ambaye anaweza kujibu, na kwamba kila marekebisho lazima yaungwe mkono na mjumbe mwingine. Hapo ndipo utajua kama waziri alitimiza neno lake: huenda ameleta maandishi yake mwenyewe yenye maudhui yale yale, na jina la seneta halimo popote katika sheria iliyotoka. Anayesoma orodha ya marekebisho yaliyopita bila kurudi nyuma katika mjadala hataweza kuuona mchango huo kamwe.

Mfano ninaoupendekeza kwa anayeanza ni wa John Crown, daktari bingwa wa saratani aliyechaguliwa 2011 na wahitimu wa National University of Ireland. Mwaka 2012, akishirikiana na maseneta wenzake, aliwasilisha muswada wa kuzuia uvutaji wa sigara ndani ya gari lenye mtoto. Serikali iliukubali kimsingi, ikaufanyia marekebisho mengi, na ukawa sheria mwishoni mwa 2014, ukaanza kutumika tarehe 1 Januari 2016. Jizoeze kwa kusoma hotuba yake ya hatua ya pili kando ya maandishi ya sheria iliyopita. Angalia nini kilibaki, nini kilibadilishwa na nani alikibadilisha, ukianza na namna sheria itakavyosimamiwa barabarani, kwa kuwa katazo la aina hii hutegemea kabisa uwezo wa polisi kulitekeleza.

Kushindwa nako kuna thamani yake katika kumbukumbu. Mary Robinson, ambaye baadaye alikuja kuwa rais, aliingia Seneti 1969 akiwa seneta wa chuo kikuu, na mwaka 1971 alijaribu kuwasilisha muswada wa kulegeza katazo la vidhibiti mimba. Seneti ilikataa hata kuupokea kwa hatua ya kwanza. Sheria ya kwanza ya kuruhusu vidhibiti mimba, tena kwa masharti makali, ilikuja 1979. Kwa hiyo unapotathmini seneta wa leo ambaye hoja zake zinaangushwa mara kwa mara, ninakusihi usihesabu tu zilizopita. Tafuta hoja ile ile ilivyojitokeza tena katika miaka iliyofuata, kwa kinywa cha mwingine.

Linganisha pia maneno na kura. Orodha ya kura huonyesha majina chini ya Tá, waliokubali, na Níl, waliokataa, na si ajabu kumkuta seneta wa chama tawala akilalamika sana kuhusu kifungu fulani kisha akakipigia kura ya ndiyo. Usihukumu haraka bila kuzingatia mipaka ya Seneti yenyewe: muswada wa fedha inaweza tu kuutolea mapendekezo ndani ya siku 21, na miswada mingine inaweza kuichelewesha kwa siku 90, baada ya hapo Dáil inaweza kuipitisha kwa azimio. Hata hivyo, Oktoba 2013 wananchi waliulizwa kama Seneti ifutwe, na asilimia 51.7 walikataa.

Mambo machache yanahitaji tahadhari unaponukuu. Katiba inawakinga wabunge na maseneta wasishtakiwe mahakamani kwa yale waliyoyasema ukumbini. Kwa hiyo tuhuma iliyotolewa humo dhidi ya mtu au kampuni ibaki kuwa tuhuma mpaka uithibitishe kwingine. Hotuba iliyotolewa kwa Kiairishi huchapishwa kwa Kiairishi bila tafsiri, hivyo tafuta mjuzi wa lugha hiyo badala ya kuiruka. Taarifa zinazotoka saa chache baada ya kikao huwa bado hazijahaririwa kikamilifu. Ukisubiri toleo la mwisho utaepuka kunukuu neno ambalo halikutamkwa. Na kama unatafuta pa kuanzia palipo karibu nasi, andika Tanzania au Kenya katika sehemu ya kutafutia, usome maseneta wanavyojadili misaada ya maendeleo ya Ireland, kisha uandike kando ya kila nukuu tarehe ya kikao, jina la muswada au hoja, na hatua iliyokuwa imefikiwa siku hiyo.