Kununua Chakula kwa Jumla: Hesabu, Ndoo na Kilo Mbili za Mwisho

Gunia la kilo 25 mara nyingi huwa nafuu kwa kilo kuliko pakiti ya kilo 2. Hilo halina ubishi sana. Ubishi upo kwenye kinachobaki baada ya kulipa usafiri, na baada ya fukusi kula fungu lao.

Chukua mfano, kwa fedha yoyote unayotumia. Pakiti ya kilo 2 inauzwa 90, yaani 45 kwa kilo. Gunia la kilo 25 linauzwa 1,000, yaani 40 kwa kilo. Hapo umeokoa 125. Ukilipa 50 kulifikisha nyumbani, gunia limekugharimu 1,050 na akiba imeshuka hadi 75. Sasa mwaga kilo 2 tu zilizoingia wadudu au unyevu. Gawanya 1,050 kwa kilo 23 zilizoliwa: ni 45.65 kwa kilo. Umelipa zaidi ya mwenye pakiti, na mzigo ukabeba wewe.

Kwa hiyo unachogawanya ni gharama yote, na unaigawanya kwa kilo zitakazofika sufuriani, si zile zilizochapwa kwenye gunia. Kazi kubwa ya kununua kwa jumla hufanyika nyumbani baada ya risiti kutoka.

Pima mnachokula kabla ya kununua

Chukua kalamu ya wino mzito. Kila unapofungua pakiti, andika tarehe juu yake. Ikiisha, andika ya pili. Tuseme kilo 5 za mchele zilifunguliwa tarehe 3 na kuisha tarehe 24. Hizo ni siku 21, kama gramu 240 kwa siku. Kwa mwendo huo gunia la kilo 25 litachukua siku 105, miezi mitatu na nusu.

Linganisha muda huo na uhai wa chakula chenyewe. Mchele mweupe, sukari na chumvi vikikaa pakavu havina haraka. Mchele usiokobolewa una mafuta kwenye ganda lake, na mafuta hayo huanza kuharibika ndani ya miezi sita hivi, mapema zaidi penye joto. Unga usiokobolewa ni mwepesi zaidi kuharibika: mwezi mmoja hadi mitatu kabatini, kisha unaanza uchungu na harufu ya mafuta yaliyokaa. Unga mweupe huvumilia zaidi. Maharage hayaozi yakiwa makavu, lakini yakikaa muda mrefu penye joto na unyevunyevu huwa magumu kuiva, na utayalipia kwa moto jikoni. Viungo nunua vizima. Vilivyosagwa hupoteza harufu haraka, na kilo ya viungo vya unga ni nyingi kuliko unavyodhani.

Kama hujawahi kununua kwa jumla, anza na kitu kimoja kwa mwezi, kile mnachokula kila siku. Usikope kwa riba ili ununue gunia. Akiba ya asilimia 7 au 10 haina ubavu wa kushindana na riba.

Dukani

Nenda na kikokotoo cha simu na uandike bei kwa kilo au kwa lita, kila kitu, kila mara. Kuna pakiti kubwa ambazo kwa kilo ni ghali kuliko ndogo, hasa zile zilizofungwa pamoja na kubandikwa lebo ya punguzo. Kwenye makopo angalia uzito wa chakula chenyewe bila maji. Karatasi za chooni hesabu vipande na matabaka, usihesabu roli. Sabuni ya kufulia gawanya kwa idadi ya mafuo, kwa kuwa ndoo kubwa ya sabuni nyepesi huisha upesi.

Maduka mengine ya jumla hutoza ada ya uanachama. Hesabu yake ni fupi: ada gawanya kwa kiwango cha akiba. Ada ikiwa 60 kwa mwaka na unaokoa asilimia 10, lazima ununue vya 600 ndipo ada irudi. Akiba inaanza baada ya hapo. Na katika hizo 600 ingiza tu vitu ambavyo ungenunua hata kama uanachama usingekuwepo. Toroli la duka la jumla ni kubwa kwa makusudi.

Gunia likague kabla ya kulipa. Pitisha kidole kwenye mshono na pembe za chini: ukikuta vumbi la unga limejikusanya nje, wadudu wameshatoboa. Tazama alama za maji. Maharage yenye vitundu vya duara achana nayo, hata yakishushwa bei. Tafuta tarehe ya kutengenezwa pamoja na ya mwisho wa kutumika, maana bidhaa ikiuzwa kwa bei ya kushangaza huwa imebakiza wiki chache. Kopo lililovimba usilichukue kabisa, wala lililobonyea kwenye mshono.

Nafaka isiyosindikwa ina kipimo rahisi cha unyevu. Jaza theluthi ya chupa kavu ya kioo kwa nafaka, weka vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyokaushwa vizuri, funga, tikisa dakika moja, kisha iache kama dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15 au karibu na hapo, na nafaka hiyo itaota ukungu. Mahindi na karanga zilizoota ukungu zinaweza kuwa na sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, na sumukuvu haimalizwi na kupika. Hapo hakuna cha kuokoa kwa kuchambua.

Gunia likifika nyumbani

Usilisimamishe kwenye pembe ya stoo ukasema utalishughulikia wikendi. Mayai ya fukusi huwa ndani ya punje yenyewe. Hayaonekani, na kupepeta hakuyatoi. Ukiona mdudu mzima ujue kizazi cha kwanza kimeshakula.

Wenye friza, gawanya nafaka au unga katika mifuko ya kilo 2 au 3, funga vizuri, na ugandishe kwa nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku nne. Mayai, viluwiluwi na wadudu hufa. Usiweke gunia zima: katikati patachelewa sana kupoa. Kosa kubwa hutokea wakati wa kutoa. Mtu anafungua mfuko ungali baridi, unyevu wa hewani unageuka matone juu ya unga, na wiki mbili baadaye ukungu unaonekana. Acha mifuko ikiwa imefungwa mpaka ifikie joto la chumba, usiku kucha ikibidi, ndipo umimine kwenye ndoo.

Asiye na friza atumie chombo kisichopitisha hewa, akijaze mpaka juu kabisa. Wadudu waliomo hupumua ile hewa kidogo iliyobaki, inaisha, wanakufa. Hii inafanya kazi kwa sharti moja tu: usifungue kila siku. Ndiyo maana chombo kimoja kikubwa ni kibaya kuliko vitatu vya wastani. Ndoo ya lita 20 hubeba takriban kilo 16 za mchele, kilo 17 za sukari, lakini unga kilo 11 au 12 tu, kwa kuwa unga ni mwepesi. Gunia la mchele la kilo 25, basi, linaingia kwenye ndoo moja ya lita 20 iliyofungwa na isiyoguswa, na kilo 9 zilizobaki kwenye vyombo vidogo vya kutumia sasa.

Ndoo ziwe za chakula, zenye mfuniko wenye mpira. Ndoo iliyokuwa na rangi au dawa ya wadudu haioshwi ikafaa. Ziweke juu ya mbao au kichanja, sentimita 10 au 15 kutoka sakafuni, na uache nafasi kama hiyo ukutani, maana sakafu na kuta za saruji hupitisha unyevu. Kila ndoo iandikwe tarehe ya kununua, ya zamani ikae mbele. Sabuni na dawa za usafi zikae mbali na unga; unga hunyonya harufu.

Jambo lingine halionekani kwenye hesabu ya bei: vitu vikiwa vingi, mkono hulegea. Dumu la lita 20 la mafuta likisimama jikoni, kila mpishi humimina kidogo zaidi. Weka jikoni chupa ya wiki moja tu, iliyojazwa kwa kipimo, na dumu lifungiwe stoo. Sukari vilevile.

Mafuta, nyama na mengineyo

Mafuta ya kupikia yana maadui watatu: hewa, mwanga na joto. Siku unayofungua dumu, ligawe lote kwenye chupa safi, kavu kabisa, zijazwe hadi shingoni ili hewa isibaki, na zikae gizani. Dumu linalobaki nusu kwa miezi miwili nusu yake ni hewa. Usiongeze mafuta mapya juu ya masalia ya zamani. Yaliyoharibika huwaharakisha wenzake.

Nyama nunua kulingana na uwezo wa friza yako. Friza hugandisha vizuri kama kilo moja ya chakula kipya kwa kila lita 28 za nafasi ndani ya saa 24, kwa hiyo friza ya lita 200 ipewe kilo 7 kwa siku, si 20. Ukizidisha, nyama huganda polepole, barafu hutengeneza chembe kubwa zinazopasua nyama, na siku ya kuyeyusha utamwaga maji mekundu mengi na kubaki na nyama kavu. Gawa kwa mlo mmoja mmoja, bapa kama kitabu chembamba, sentimita 2 hadi 3, hewa imekamuliwa yote. Nyama ya kusaga itumike ndani ya miezi mitatu minne, vipande vya kuku ndani ya miezi tisa. Umeme ukikatika usifungue: friza iliyojaa hushikilia baridi kama saa 48, yenye nusu saa 24.

Hamira ikishafunguliwa ikae kwenye friji na imalizwe ndani ya miezi minne. Ukiwa na shaka, tia kijiko kwenye maji ya uvuguvugu yenye sukari. Isipotoa povu ndani ya dakika 10, imekufa. Dawa ya maji ya klorini hupungua nguvu hata ikiwa imefungwa, usinunue ya kutumia zaidi ya miezi sita. Sabuni ya mche ni kinyume chake: ifungue karatasi, iache ikauke, nayo itadumu zaidi.

Kugawana gunia

Kaya ndogo isijilazimishe. Watu watatu wakinunua gunia moja kila mmoja anapata bei ya jumla bila mzigo wa miezi. Fedha zikusanywe kabla ya kwenda dukani, pamoja na nauli. Pima kwa mizani moja, na utoe uzito wa chombo. Gunia la kilo 25 likifunguliwa hupungua kidogo kwa kumwagika na vumbi, hivyo pimeni jumla kwanza, kisha gawanyeni kwa kilichopo. Wakigawana 9, 8 na 8 "kwa kukadiria", wa mwisho ndiye hununa, na mwezi ujao kundi limevunjika.

Ndoo ikiisha usimimine mzigo mpya juu ya unga uliogandamana chini, kwani humo ndimo mayai yalimobaki. Kung'uta, osha kwa maji ya moto na sabuni, sugua mfereji wa mfuniko kwa mswaki wa zamani, kisha ianike juani mpaka ikauke kabisa, hasa kwenye ule mpira.